Wazee wa koo na ma-rwot (machifu wa Kiacholi): wanaiogopa hati ya kimila, au wanaogopa kuachwa nje?

#1 MwalimuLayibi
Wakuu, hamjambo.

Nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Gulu, ila kwa kina mama ni Nwoya. Likizo iliyopita nilikuwa kijijini, wakaja vijana wa mradi na tableti zao kuandikisha ardhi ili watu wapate hati ya kimila, hii tunayoiita CCO. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Rwot kweri ametangulia, majirani wanafuata, kila penye kona kijana anabonyeza nukta. Siku ya pili mzee wa ukoo akafika kwa kuchelewa, akaketi chini ya mwembe, akauliza swali moja: "Mnaandika jina la nani?" Akaambiwa jina la mwenye nyumba. Akasema, "Basi hapa hapana ardhi ya kuandika. Hapa pana makaburi yetu." Akainuka akaenda zake, na nusu ya watu wakamfuata.

Sheria ya Ardhi ni ya 1998. Hati hii ni nafuu kuliko taito (hatimiliki) ya kawaida, na inamlinda mtu asiye na kitu. Sasa kwa nini kila mageuzi ya ardhi yakija, viongozi wa jadi, kuanzia mzee wa kijiji hadi wakuu wa makabila, wanakanyaga breki? Dai langu ni hili, mkitaka nipigeni mawe: wanaogopa kukosa ulaji. Karatasi ikiingia, kuku wa kusuluhishia mipaka haji tena.

#2 KobokoBoda
Mwalimu umewafikia kuku kabla hata hatujanywa chai. Naweka kambi.

#3 Ladit_Kitgum
Mwalimu, ulikuwa unasema vizuri mpaka ulipofika kwenye kuku.

Kwanza usiwatie watu wote kwenye gunia moja. Rwot kweri ni mkuu wa jembe. Wakulima wenyewe humchagua, anapanga kazi za kulima pamoja na kuamua ugomvi mdogo wa mashamba. Rwot moo ni yule aliyepakwa mafuta, wa nyumba ya uchifu. Ladit kaka ni mzee wa ukoo. Katika hao watatu hakuna hata mmoja anayemiliki ardhi ya mwenzake. Ardhi ina won ngom, ule ukoo uliotangulia kukaa pale, na ndani ya ukoo kila familia inajua mahali pake. Mkuu wetu wa Ker Kwaro Acholi, taasisi yetu ya kimila, cheo chake si cha kabaila. Ukimfikiria kama mwenye mailo, zile maili za ardhi zenye taito huko Buganda, umeshapotea njia.

Pili, si kweli kwamba wamekanyaga breki tu. Watu walipotoka kwenye kambi za wakimbizi wa vita, Ker Kwaro ilikaa ikaandika kanuni za umiliki wa kimila: nani ana haki gani, mjane yuko wapi, mtoto wa nje yuko wapi, mgeni aliyekaribishwa yuko wapi. Lango na Teso nao waliandika za kwao. Mtu anayeogopa karatasi huandika kitabu?

#4 MwenyeKibanja
Salaam kutoka Masaka. Namuunga mkono Ladit, nami naongeza kuni.

Huku Buganda machifu waliipenda karatasi mno. Mkataba wa 1900 ulimpa Kabaka maili za mraba 350, na maili 8,000 wakagawiwa machifu na watu binafsi wapatao 1,000. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne, waliotia sahihi ni waangalizi wake, Apolo Kaggwa akiwa mbele. Mkulima akalala ana shamba, akaamka ni mpangaji.

Na hivi karibuni, 2017, ni Mengo wenyewe, yaani serikali ya Kabaka, kupitia Bodi ya Ardhi ya Buganda walioanzisha Kyapa mu Ngalo: wenye bibanja, yaani wapangaji wa vishamba, kwenye ardhi ya Kabaka njooni mchukue lizi (mkataba wa kukodi kwa miaka). Kwa hiyo mkuu wa jadi hukataa karatasi asiyoitoa yeye. Ile anayoitoa yeye huitangazia redioni.

#5 MpimajiWaMilki
Ssebo MwenyeKibanja, tuwekane sawa kabla uzi haujapinda. Mailo si ardhi ya kimila. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inataja mifumo minne: kimila, frihodi (milki ya kudumu yenye taito), mailo na lizi. Mwalimu ameuliza juu ya wa kwanza, wewe unajibu juu ya wa tatu. Kabaka ana taito, rwot hana. Mwenye taito akizuia mageuzi ana mali yake ya kulinda. Rwot anayezuia mageuzi analinda nini? Hilo ndilo swali.

(Mimi ni mpimaji. Nimefanya kazi ya CCO kaskazini kwa misimu mitatu. Nitarudi na kisa nikitoka site.)

#6 MwenyeKibanja
#5 Najua tofauti ssebo, nimezaliwa ndani yake. Lakini mailo yenyewe ilikatwa kutoka kwenye ardhi ya kimila, ndiyo maana naileta. Katika ule mgao wa 1900 walioumia sana ni bataka, yaani wakuu wa koo. Maeneo yao ya kuzikia, butaka, yalijikuta ndani ya maili za watu wengine. Miaka ya 1920 wakaunda chama chao wakamlalamikia Kaggwa na Waingereza. Ardhi hawakurudishiwa, ila kelele zile zilisaidia kuzaa ile sheria ya busuulu na envujjo ya 1928 iliyomwekea kabaila kikomo cha kodi na kumzuia kumfukuza mkulima ovyo.

Sasa niambie, hapo "viongozi wa jadi" ni akina nani? Kaggwa aliyegawa, au bataka waliolia? Wote wa jadi. Mzee wa Nwoya aliyesema "hapa pana makaburi yetu" angeelewana na mtaka (mmoja wa bataka hao) wa 1922 bila mkalimani.

#7 KobokoBoda
Hapo kwenye makaburi nywele zimenisimama. Endeleeni.

#8 MamaAkello_Lira
Wazee wangu shikamooni. Mnazungumza kana kwamba ardhi inalimwa na wanaume peke yao.

Mume wangu alifariki 2011. Kabla ya arobaini shemeji yangu ameshaleta mnunuzi kutoka mjini, karatasi ya mauzo imepigwa mhuri kabisa na mwenyekiti wa kijiji. Serikali, si mila, ndiyo iliyopiga mhuri. Nikaenda kwa mzee wa ukoo na watoto wanne. Akaitisha kikao siku hiyohiyo, akamwita shemeji, akamuuliza mbele ya watu, "Huyu mwanamke tulimwoa au tulimkodi?" Ardhi ikarudi. Hakuchukua kuku, mwalimu. Mimi ndiye niliyempelekea kuku baadaye, kwa furaha yangu.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Miaka mitatu baadaye dada yangu akaachika Dokolo, akarudi nyumbani kwetu. Wazee wa ukoo wetu, ukoo wa baba yangu, wakasema yeye ameshaolewa, akalime alikoolewa. Kule alikoolewa wakasema ameshaachwa, akalime alikozaliwa. Amelima kwa kukodi miaka sita. Na kanuni zao walizoziandika, anazozisifu Ladit, zinasema binti aliyeachika akirudi apewe mahali! Wameandika, wamesahau.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi wanaogopa nini, nasema inategemea nani amesimama mbele yao. Mjane ana watoto wa ukoo, wanamlinda. Binti aliyerudi hana anachowaongezea.

#9 Ladit_Kitgum
Pole mama. Hilo la binti aliyerudi ni kweli na ni aibu yetu. Kanuni zinamtambua. Tatizo ni kwamba anayezisimamia ni kaka yake, na kaka yake ndiye anayelima kile kipande.

#10 MpimajiWaMilki
Mama Akello, nakuongezea tu kwamba sheria ya 1998 inasema uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi ni batili. Dada yako ana pa kusimamia.

#11 MamaAkello_Lira
#10 Asante mwanangu. Pa kusimamia anapo. Pa kukalia akisubiri kesi ndipo hana.

#12 Etesot_Soroti
Yoga noi wote. Maelezo yangu ni tofauti na yote yaliyotangulia: tatizo si tamaa wala mali. Ni kumbukumbu.

Mila ya ardhi inakaa kichwani mwa watu. Huku kwetu Teso tulipitia wizi wa ng'ombe wa miaka ya 80, uasi, halafu waasi wa LRA wakaingia 2003. Acholi walikaa kambini miaka kumi na zaidi. Wazee waliojua "mpaka ni kutoka ule mkwaju hadi kichuguu" wengi walizikwa kambini. Mkwaju ukakatwa mkaa, kichuguu kikasawazishwa. Sasa unamwita mzee wa leo, ambaye vita vilianza akiwa kijana, aje aoneshe mpaka mbele ya GPS. Akikosea, amekosea milele, kwa sababu CCO mbele ya sheria ni ushahidi kamili wa haki ile. Zamani akikosea, mnakaa tena msimu ujao na pombe mnasahihisha. Mtu mwenye akili hapo hufanya nini? Huahirisha. Ninyi mnaita breki.

#13 MwalimuLayibi
Etesot hilo sikulifikiria. Yule mzee wetu mwenyewe alikaa kambini tangu 1997.

Lakini bado sijashawishika. Kama shida ni kumbukumbu, mbona wazee hao hao wanakumbuka vizuri mno ardhi inapotaka kuuzwa?

#14 KobokoBoda
😂😂 Mwalimu hana huruma.

#15 MtuWaKagera
Habari za Mutukula upande wa pili. Huku Tanzania swali hili halipo. Mwalimu Nyerere aliondoa mamlaka ya machifu 1963, ardhi yote ikawa ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kutoa hatimiliki ya kimila. Hakuna wa kukanyaga breki. Fanyeni hivyo.

#16 Ladit_Kitgum
#15 Ndugu yangu, breki mnayo, mmeibadilisha jina tu. Mwenyekiti wa kijiji. Au kwenu wafugaji na wakulima hawagombani?

#17 MtuWaKagera
Umenipiga penye kidonda, mzee.

#18 JiraniBusia
Huku Kenya tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, lakini kwetu Busia kila mtu ana taito tangu enzi za babu, na ugomvi uko palepale. Taito bado iko kwa jina la babu na babu alikufa 1979, wajukuu 43. By the way nilidhani Uganda ardhi yote ni ya serikali?

#19 MpimajiWaMilki
#18 Hapana. Hiyo ilikuwa amri ya Idi Amin ya 1975: ardhi yote ya umma, mwenye mila anakaa kwa kuvumiliwa tu. Katiba ya 1995 iligeuza. Sasa ardhi ni ya raia. Lakini wazee wengi wanaikumbuka 1975 vizuri sana, na ukija na neno "usajili" wanasikia sauti ya mwaka ule.

Haya, kisa changu.

Kwa sheria mlolongo wa CCO ni huu: unaomba, kamati ya ardhi ya eneo inakuja kukagua na kusikiliza wenye pingamizi, inapeleka ripoti kwa bodi ya ardhi ya wilaya, bodi ikikubali hati inatolewa gombolola (ofisi iliyo chini ya wilaya). Hesabuni wenyewe: kamati, bodi, mtunza rejista. Rwot yuko wapi? Hayupo. Sheria hiyohiyo inasema mamlaka za jadi hazizuiwi kusuluhisha migogoro ya ardhi ya kimila, ila kwenye fomu haina mahali pa kumweka.

Kijiji kimoja tulikwama wiki mbili. Rwot kweri wa pale, mzee mwembamba ana daftari la shule la mistari ambamo ameandika kila mgao tangu watu watoke kambini, alikuwa anatusalimia kwa heshima zote na hakuna mtu anayekuja kupimiwa. Mwisho nikamuuliza. Akachukua fomu, akaigeuza mbele nyuma, akasema, "Mimi nimeshuhudia mipaka hii yote. Hapa nakaa wapi?" Nikachukua rula, nikachora mstari chini, nikaandika: Rwot Kweri, shahidi. Akatia sahihi polepole kama anachonga. Kesho yake walikuja watu wa nyumba arobaini na kitu.

Fomu zile zilipofika ofisini zilirudishwa zote. Sababu: zina sahihi isiyotakiwa. Tukarudia upya, mzee hakuja tena, na daftari lake hakutuonesha.

#20 BintiBombo
Mpimaji, umeniliza ofisini.

#21 MamaAkello_Lira
Kisa kizuri. Lakini mwanangu, ule mstari uliouchora, kesho ungekuwa wa sheria, huyo rwot kweri atakayefuata baada ya mzee wako mwembamba angeuza wino wake. Nimeona sahihi ya mwenyekiti wa kijiji inavyouzwa. Mlango ukiwa mmoja, anayeshika ufunguo hushiba.

#22 MwenyeKibanja
Mpimaji amejibu swali lake la #5 bila kujua: rwot analinda nafasi ya ushahidi. Katiba, ibara ya 246, inamwambia kiongozi wa jadi asishike siasa wala asiwe na madaraka ya utawala. Umemwachia nini? Ngoma na ardhi. Ukimwondoa na kwenye ardhi, anabaki na ngoma.

#23 Hoima_Ziwani
Nyote mnaongelea kaskazini na Mengo. Sisi Bunyoro tumechoka kusahaulika. Kura ya maoni ya 1964 ilirudisha kaunti za Buyaga na Bugangaizi kwetu kutoka Buganda, lakini mailo za watu wa Buganda zikabaki palepale juu ya ardhi. Halafu 2006 mafuta yakapatikana. Kando ya Ziwa Albert, mahali walipochunga watu wote pamoja, ghafla wakatokea wenye taito tusiowajua. Wazee wakasema ni ardhi ya jumuiya. Wakaulizwa: karatasi iko wapi?

Kwa hiyo kwetu kosa la viongozi wa jadi lilikuwa kuchelewa. Walipaswa kuandikisha jumuiya mapema. Sheria inaruhusu chama cha ardhi ya jumuiya tangu 1998! Breki ile ndiyo iliyotumaliza.

#24 BintiBombo
Nami niweke langu. Mimi ni Mnubi. Tumo kwenye orodha ya makabila ya Katiba, lakini hatuna rwot, hatuna mtaka, hatuna hata kichuguu cha mpaka. Babu zetu walikuja na jeshi. Nikisikia "ardhi ya kimila" najiuliza: mila ya nani, na mgeni wa mwaka gani? Hoima anawalalamikia Waganda, Muganda anamlalamikia Kaggwa, Mwacholi ana mpaka na Mmadi. Kiongozi wa jadi akisema "ardhi yetu", mimi huangalia kwanza kama nimo ndani ya hiyo "yetu".

#25 Msimamizi
Tunakumbushana: jadilini hoja, makabila muyaache salama. Ujumbe mmoja kabla ya huu nimeufuta. Mwenyewe anajijua.

#26 KobokoBoda
Si mimi. Safari hii.

Ila niseme jambo la kweli, maana abiria wangu wengi ni wa Adjumani. Dada Binti ametaja mpaka wa Wamadi na Waacholi. Ndiyo Apaa, kipande kinachogombaniwa. Serikali inasema ni hifadhi ya wanyama, Wamadi wanasema ni wilaya ya Adjumani, Waacholi wanasema ni wilaya ya Amuru. Aprili 2015 msafara wa mawaziri ulipokwenda kuweka mawe ya mpaka, akina mama walivua nguo mbele yao. Kwa wasiojua: huko mama mzima akikuvulia nguo hiyo ni laana. Zoezi likasimama.

Sasa mnaposema "viongozi wa jadi", mnawahesabu na wale akina mama? Hawana cheo, hawana fimbo ya enzi, lakini siku ile walifanya kazi ambayo hakuna rwot angeifanya.

#27 MamaAkello_Lira
Koboko leo umeongea. Nakusamehe yale ya mwezi uliopita.

#28 Ladit_Kitgum
Na mkumbuke hofu haikuota hewani. Amuru, kampuni ya sukari ilitaka hekta 40,000. Viongozi wa kwetu wakaenda Mahakama Kuu Gulu, na 2012 mahakama ikasema ardhi ile haikuwa ya kimila. Unaona? Watu wana makaburi pale, hakimu anasema si ya kimila. Halafu 2017 ukaja muswada wa kubadili ibara ya 26 ili serikali ichukue ardhi kabla ugomvi wa fidia haujaisha. Ulipingwa nchi nzima ukaondolewa mwaka uliofuata. Katikati ya hayo, kijana anakuja na tableti kusema "tunataka kukulinda". Na hata hiyo Katiba inayotulinda, ibara ileile ya 237 inasema ardhi ya kimila inaweza kugeuzwa frihodi kwa kuandikishwa. Mzee anasoma hapo anaona ngazi: leo CCO, kesho frihodi, keshokutwa benki, mtondo mgeni.

#29 Etesot_Soroti
Ladit, ngazi hiyo ni ya kweli ila wanaoipanda kwa kasi si wageni. Nenda kaone nani ananunua Teso. Watoto wetu wenyewe wenye vyeo Kampala.

#30 MpimajiWaMilki
Na hofu hii ina umri. 1955 serikali ya ukoloni ilitoa mapendekezo ya kuwapa watu taito za mmoja mmoja, halmashauri nyingi za wilaya zikakataa. Kigezi walikubali majaribio, yakaanza 1958. Kwa hiyo mwalimu, mzee wako amefuata njia iliyochimbwa na babu zake. Nani alikuwa sahihi, sisemi. Nimepima kote, ugomvi upo kote.

#31 JiraniBusia
Mbona mnasema asilimia 80 ya ardhi ya Uganda ni ya kimila? Nimeona mahali.

#32 MpimajiWaMilki
#31 Hapa hakuna aliyesema. Ila hiyo 75 au 80 utaikuta kila warsha, iko kwenye kila bango. Iliyo na CCO kati ya hiyo ni kidogo sana.

#33 MwalimuLayibi
Wakuu, nimekaa kimya makusudi maana kuna jambo limetokea nikaona nilihakikishe kwanza.

Jana binamu yangu amenipigia kutoka Nwoya. Yule mzee wa makaburi, aliyeondoka na nusu ya kijiji, amekwenda mwenyewe gombolola. Kwa baiskeli, kilomita kumi na nne. Ameomba fomu ya CCO.

#34 KobokoBoda
Weeeeee!

#35 MwenyeKibanja
Nilisema #4. Karatasi ni mbaya mpaka iwe na jina lako. Kaggwa mpya huyo.

#36 Ladit_Kitgum
Tusimhukumu mtu kabla hajasema. Mwalimu, amesema sababu?

#37 MwalimuLayibi
Amesema kwa binamu, na binamu huwa hapambi maneno. Mwezi uliopita mpwa wake, mkubwa fulani Kampala, alikuja na gari mbili na mpimaji wa kwake. Akataka kupima ekari mia na kitu "za familia" apate frihodi, akasema mzee asijali, ataachiwa mahali pa kukaa. Mzee hakubishana. Walipoondoka akamwambia mkewe amtafutie pampu ya baiskeli.

#38 Etesot_Soroti
#29 nilisema nini?

#39 BintiBombo
Kwa hiyo serikali anaikataa kwa mila, mpwa anamkataa kwa karatasi ya serikali. Mimi naona anajua anachofanya kuliko sisi sote humu.

#40 MwenyeKibanja
Au ana bahati tu ya kuwa na miguu ya kuendesha baiskeli. Wale nusu ya kijiji waliomfuata siku ile chini ya mwembe wamebaki wapi? Amewaambia warudi wakapimiwe? Mtu aliyewazuia wengine halafu akaenda kimyakimya, samahani, kwangu bado ni chifu wa 1900.

#41 Ladit_Kitgum
Hapo umegusa. Mwalimu ulizia hilo.

#42 MpimajiWaMilki
Mimi swali langu ni la kikazi. Fomu ameijaza kwa jina la nani? Mmoja, familia au ukoo? Sheria inaruhusu yote matatu. Kama ni jina lake peke yake, MwenyeKibanja ameshinda na mimi nitamnunulia matooke.

#43 MamaAkello_Lira
Na kama ni familia, wake zake wamo?

#44 MwalimuLayibi
Nimempigia binamu sasa hivi. Ndiye aliyemwandikia, maana mzee haoni vizuri.

Majina ni matano. Lake, la wake zake wawili, la mkwe wake aliyefiwa na mume kule kambini, na la binti yake mkubwa aliyerudi kutoka Pakwach baada ya ndoa kuvunjika. Karani alimwambia binti si lazima. Mzee akamwambia andika.

Kuhusu nusu ya kijiji: binamu anasema mzee ameitisha kikao Jumamosi chini ya mwembe uleule, hajasema cha nini. Rwot kweri ameambiwa aje na daftari.

#45 MamaAkello_Lira
Naomba namba ya huyo mzee. Si utani. Nina dada.

#46 MwenyeKibanja
Matooke nayasubiri mpaka Jumamosi. Sijashindwa bado.

#47 KobokoBoda
Mwalimu, Jumamosi nina safari ya Gulu, pikipiki inafika Nwoya. Mafuta nusu kwa nusu?